Mzinga hauhamishwi kwa bei ya kokoto: barua ya wazi kwa mnaosimamia malikale, makumbusho na bandari, Tanga

Waheshimiwa,

Salaam. Nawaandikia kutoka Makorora. Nimefanya kazi bandarini miaka 31, nikaanza kuli, nikawa mpiga ishara wa winchi, nikamalizia msimamizi wa gengi. Cheo cha malikale sina, na historia sikuisomea. Nilichosomea, tena kwa mgongo, ni kuinua kitu kizito na kukiweka chini kikiwa kizima pamoja na watu waliokishika.

Ombi langu ni moja, na nalitanguliza ili mwenye shughuli nyingi alisome hapa aendelee na mambo yake. Mtakapoandika zabuni ya kukarabati chombo au jengo lenye mzinga, nanga, propela au chuma kingine kizito cha zamani, kazi ya kukihamisha msiifanye mstari mmoja chini ya neno "usafirishaji". Iwekeeni mpango wake wa maandishi, fungu lake la fedha, na mtu wake mmoja mwenye mamlaka ya kusema simama, na akisema simama hata anayelipa asimame.

Nimepata kuziona karatasi za ukarabati wa namna hiyo. Rangi ilikuwa na ukurasa mzima: aina, idadi ya mikono, siku za kukauka. Vitasa vya milango vilihesabiwa kimoja kimoja. Halafu chini kabisa: "Kuhamisha vifaa vizito, safari 4." Safari nne, kama za kokoto. Mkandarasi akipewa bei ya safari, atahesabu dizeli na saa za dereva, na mzinga wa miaka mia mbili atauona kama mzigo unaomchelewesha. Simlaumu, hivyo ndivyo karatasi ilivyomwambia.

Vijiweni mwetu maneno ya kuwa na chombo cha makumbusho pwani hii hayaishi. Wengine wanataka jahazi la zamani livutwe juu lifanyiwe ukarabati watoto wa shule walione, wengine wanataka meli ya chuma kabisa. Mimi nayaombea yatimie. Mji huu una haki nayo. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Waingereza, HMS Fox, iliingia hapa kuutaka mji usalimu amri, na siku mbili baadaye jeshi la watu wapatao 8,000 waliotoka India lilipigana mitaani na Wajerumani na askari wao Waafrika. Lilishindwa, likarudi melini tarehe 5, likaacha nyuma bunduki na mamia ya maelfu ya risasi. Nyuki nao walitoka kwenye magogo yaliyotundikwa mitini wakauma wa huku na wa huku. Kiswahili kimetupa neno moja tu la vitu vile viwili, mzinga wa nyuki na mzinga wa baruti, na siku ile Tanga ilisikia yote miwili. Mji wenye habari kama hizo ukikosa vitu vya kuonyesha ni aibu. Ila ukiwa navyo ukaviangusha, ni aibu kubwa zaidi, na hii ya pili mimi nimeishuhudia.

Nilikuwa nimeshastaafu. Natoka sokoni na baiskeli, nyuma nimefunga dagaa na mkungu wa ndizi, nikaona watu wamejaa kwenye uwanja wa taasisi moja ambayo sitaitaja. Palikuwa na mzinga wa chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Ulikuwa umelala pale tangu sijui lini, nusu umezama kwenye maua. Wazee walikuwa wakisema uliopolewa baharini. Sasa walitaka kutandaza vitofali chini, na mzinga ulikuwa njiani.

Wameleta foklifti. Wamepitisha mnyororo mara moja kwenye mtutu, mbele kidogo ya yale masikio mawili yanayochomoza ubavuni. Nikasimamisha baiskeli. Nikamwambia aliyekuwa akiamrisha, kijana wa miwani ya jua, "Mwanangu, huu mnyororo mmoja hautoshi, kitako kizito kitaanguka." Akanijibu kwa adabu zote, "Shikamoo mzee wangu. Hii kazi ya dakika tano tu." Akamgeukia kijana mwingine, mwembamba, miguuni ndala za bluu na nyeupe, akamwambia ashike kitako kisiyumbe.

Foklifti ikainua. Mdomo wa mzinga ukapanda juu kama jogoo anayetaka kuwika, kitako kikashuka, na mnyororo ukateleza kuelekea mdomoni, kwa sababu mtutu wa mzinga ni mwembamba mbele na mnene nyuma, kama kinu kilicholazwa. Ulichomoka. Sikio la kulia lilipiga ukingo wa zege likakatika, na kitako kikatua juu ya ndala.

Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kijana yule alisikia la mkuu, akalitii neno kwa neno, ndipo akavunjika. Alipoteza vidole viwili vya mguu. Sikio la mzinga lilirudishwa wiki iliyofuata kwa saruji, ukapakwa rangi nyeusi ya mafuta, ukawekwa juu ya ukuta mfupi wa matofali wageni wapigie picha.

Kilichonikera zaidi sikukiona siku ile. Nilirudi kesho yake kuuangalia. Nilimuuliza bwana wa miwani alikadiria uzito gani. Akasema, "Kilo mia tano, mia sita hivi." Nikakwangua rangi kidogo juu ya kitako kwa ufunguo wa baiskeli (wataalamu mnisamehe, sikuwa na brashi), zikatokea namba tatu zimechongwa: 22, 1, 14. Mzinga wa Kiingereza wa zamani mara nyingi huandikwa uzito wake wenyewe mgongoni. Namba ya kwanza ni mafungu ya ratili 112, ya pili ni robo za fungu, yaani ratili 28 kila moja, na ya tatu ni ratili moja moja. Ukizidisha na kujumlisha unapata ratili 2,506, sawa na kilo 1,137. Maradufu ya alichodhani! Jibu lilikuwa chini ya rangi, sentimita chache kutoka mkono wa kijana aliyeambiwa ashike.

Hata usio na namba hupimika. Futi ya fundi cherehani inatosha: unazungusha mzingo wa mtutu sehemu nne tano, unapima urefu, unakokotoa ujazo, unatoa tundu la katikati. Mita moja ya ujazo ya chuma cha kusubu ni takriban tani 7 na kidogo. Mwalimu wa hesabu wa sekondari yoyote hapa mjini angeifanya kabla kengele ya mapumziko haijalia, na wanafunzi wangefurahi kutoka nje ya darasa.

Baada ya uzito kuna suala la pembe. Bandarini tulilifundishwa kwa ndoo. Watu wawili washike kamba, ndoo ya maji ining'inie katikati. Wakisimama karibu karibu, ndoo nyepesi. Kila anayerudi nyuma hatua moja, ndoo inazidi kuwa nzito, na maji hayakuongezeka. Wakijaribu kuinyoosha kamba iwe sawa kabisa, hawawezi, hata wawe mabaunsa. Slingi mbili za mzinga, yaani kamba au mikanda ya kuinulia, ni hivyo hivyo. Kwa ule wa kilo 1,137, slingi zikisimama wima kila moja inabeba kama 570. Zikilala mpaka nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, kila moja inabeba kama 656. Zikilala hadi nyuzi 30, kila moja inabeba 1,137 yote peke yake, kana kwamba mwenzake hayupo. Winchi ileile, mzinga uleule. Nimewaona madereva wenye leseni safi wasiolijua hili, na nimemwona kuli asiyejua kusoma akilitazama kwa jicho tu na kusema, "Ongeza urefu wa slingi."

Na slingi yenyewe iwe ya mkanda mpana. Mnyororo na waya vinakula chuma cha zamani. Masikio msiyatundikie mzigo wote, wala kile kinundu cha nyuma ya kitako. Vilitengenezwa kwa kazi nyingine, na vimezeeka. Slingi moja mbele ya masikio, moja nyuma, kati yao na chuma pawe na kitambaa kizito au raba, na kamba ya kuongozea kila upande ili mtu asiuguse mzigo kwa mkono. Unainua unene wa kidole. Unasimama. Unaangalia. Ukiinama upande, unashusha, unasogeza slingi, unaanza upya. Sisi tulikuwa tunarudia mara tatu nne kwa mashine ya kiwandani ambayo kiwanda kingeweza kununua nyingine. Mzinga hauna duka.

Hayo yote ni ya nchi kavu, na nchi kavu ni rahisi. Chombo kikiwa majini mambo hubadilika, na hapa ndipo ninapowaomba sana mnisikilize, maana bandari yetu ilitufundisha hili kwa miaka mingi. Kabla ya kuchimbwa kina kutoka mita 3 hadi 13, meli kubwa hazikuweza kufunga gatini. Zilitia nanga huko nje, mzigo ukashushwa kwenye matishari, yaani vyombo bapa vya kubebea mizigo, matishari yakavutwa hadi ukutani. Kila kitu kizito kilichoingia Tanga kilining'inia juu ya maji angalau mara mbili.

Jambo ambalo wa nchi kavu halioni ni hili: mzigo ukishaachia sakafu ya chombo, hata umeinuka unene wa kidole tu, chombo kinauhesabu kama uko kule juu kwenye ncha ya mkono wa winchi. Tishari lililokuwa limetulia kama sinia linaanza kulewa ghafla. Kwa hiyo mkiwa na meli ya makumbusho, kreni yake yenyewe isiinue mzinga mpaka mtu aliyesomea uthabiti wa meli afanye hesabu. Na hesabu haiishii kwenye kuinua. Toeni mizinga yote ya upande mmoja siku moja, meli itaegemea upande wa pili. Toeni nanga mbili na minyororo yake kutoka omoni, yaani mbele ya meli, omo litapanda, tezi la nyuma litazama, na matundu ya maji machafu yaliyokuwa juu ya maji miaka hamsini yatajikuta chini. Meli kongwe ina viraka na mabomba yaliyooza ambayo yamezoea mahali pake. Vitu vitoke kwa zamu, kushoto na kulia, mbele na nyuma, na kila kinachotoka kiandikwe uzito na mahali kilipokuwa, ili uzito mwingine uwekwe badala yake ikibidi.

Siku pia ichaguliwe. Wakati wa bamvua maji yetu yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 ndani ya saa sita hivi. Anayeanza kuhamisha kitu maji yamejaa, baada ya saa hizo sita atakuta sitaha imeshuka chini ya gati na daraja lake la mbao limegeuka mtelezo. Fanyeni kwenye maji mafu, siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo, na kusi likiwa limetulia. Mvuvi yeyote pale Deep Sea atawatajia siku bila kuangalia karatasi, na mkimpa kahawa atawapa na maoni yake juu ya serikali.

Sitaha nayo. Rangi nzuri juu, chini yake bati limekwisha kama kopo la mafuta lililoachwa mvuani. Kabla ya kuburuza kilo elfu moja juu yake pimeni unene. Siku hizi kuna kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti kinachoshikwa mkononi, hakitoboi kitu. Kama hakipo, nyundo ndogo na sikio zuri: bati zima linalia, lililooza linakohoa. Halafu tandazeni mbao nene zinazopita juu ya mihimili ili uzito uende kwenye mbavu za meli.

Wenzetu waliotangulia hawakudharau haya. HMS Victory ya Uingereza imekaa kwenye gudi kavu, yaani bwawa la kutengenezea meli lililotolewa maji, huko Portsmouth tangu 1922, na kwa kuwa mbao zilikuwa zinalemewa, mizinga mingi mnayoiona kwenye sitaha zake ni ya bandia, myepesi. Mwaka 2011 sehemu za juu za milingoti ziliteremshwa ili kumpunguzia mzigo, na mwaka 2020 akawekewa nguzo 134 zinazopima muda wote kila moja inabeba kiasi gani. Hebu fikirieni: nguzo inayosema imechoka. Marekani nako, manowari Texas iliyoanza kazi 1914, mwaka uleule wa vita vyetu vya Tanga, iliingizwa gudini Galveston Agosti 2022 ikakaa mpaka Machi 2024. Fedha zao hatuna, lakini daftari la mizani na penseli havihitaji mfadhili.

Sasa ndani ya mtutu. Msiuguse mzinga wowote mpaka mtu mwenye ujuzi athibitishe kwamba hauna kitu. Januari 2013, New York, wafanyakazi wa bustani ya Central Park walikuwa wakisafisha kutu kwenye mzinga wa meli HMS Hussar, uliokuwa umeonyeshwa kwa watu kwa zaidi ya karne moja. Walipofungua mdomo wakakuta tonge la chuma na baruti, kama gramu 800, ikingali ya kuweza kuwaka. Watoto wangapi walikuwa wamekalia mzinga ule! Polisi wa mabomu ndio walioitoa. Kwetu, ukikutwa mtutu umezibwa au kombora la vita vya kwanza limeokotwa na wavuvi, anayeitwa ni polisi na jeshi, na wengine wote warudi nyuma. Waliokuwa Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto Februari 2011, maghala ya mabomu ya jeshi yalipolipuka, hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Mizinga ya manowari za vita vile ina hatari nyingine ambayo haionekani. Chini ya mtutu kuna silinda na springi za kuuzuia unaporuka nyuma baada ya kupigwa na kuurudisha mbele. Springi iliyobanwa mwaka 1914 bado imebanwa. Fundi akifungua nati ya mwisho kwa bahati mbaya, chuma kitatoka kama risasi bila hata baruti. Na rangi za zamani zina madini ya risasi ndani yake. Kuzisaga kwa mashine bila barakoa nzuri ni kuvuta sumu. Hili nalipita, daktari wa kazini atawaeleza vizuri kuliko mimi.

Chuma kilichotoka baharini ndicho kinachodanganya kuliko vyote. Siku ile niliporudi kuuangalia mzinga, nilitazama pale sikio lilipokatika. Katikati palikuwa na punje za kijivu zinazong'aa kama sukari. Kuzunguka ukingoni palikuwa na ukoko mweusi, unene wa kidole, na ulikuwa laini, ukucha ulizama. Nikaokota kipande kilichoanguka nikakisugua kwenye zege, kikaacha mstari mweusi kama penseli. Nikaandika kwacho tarehe. Baadaye ndipo nilipoelezwa na mtu wa fani hiyo kwamba maji ya chumvi hula chuma chenyewe, yakabakiza kaboni ya penseli katika umbo lilelile. Kwa macho ni mzinga mzima wenye namba na mapambo yake yote. Kwa kweli mapambo hayo yamechongwa kwenye kitu laini kuliko mkaa, na mnyororo unayafuta kwa mvuto mmoja.

Kitu kama hicho kikitoka majini hakianikwi juani. Chumvi iliyo ndani hukauka, ikavuta unyevu, na chuma kikaanza kupasuka na kumenyeka magamba. Kinatakiwa kiingie kwenye tangi la maji siku hiyohiyo, maji yaliyotiwa sodiamu kaboneti, nduguye magadi tunayoyajua wote jikoni, kisha wataalamu waitoe chumvi taratibu kwa umeme mdogo, kazi ya miezi hata miaka. Kwa hiyo kama tangi halijajengwa, mzinga ubaki chini ya bahari. Umekaa huko salama kuliko utakavyokaa kwenye ukuta wenu wa matofali.

Kuna habari moja ya nchi yetu ninayoitaka ikae mezani mnapopanga haya. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha HMS Pegasus Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilizamishwa na wenyewe kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915 baada ya kupigwa. Ilikuwa na mizinga kumi ya milimita 105, mtutu mmoja urefu wa mita 4 na ushei. Wajerumani waliitoa yote kumi matopeni, ikapelekwa Dar es Salaam kutengenezwa na kuundiwa magurudumu, ikasambazwa kupigana kwenye nchi kavu. Mmoja ulifika mpaka Kigoma ukafungwa kwenye meli ambayo leo tunaiita Liemba. Walioivuta kwa kamba kutoka delta ni mamia ya watu wa nchi hii. Ukitaka kuiona iliyobaki leo nenda Fort Jesus Mombasa, au Pretoria, au Jinja. Vibao vya mizinga mara nyingi hutaja meli, kipimo cha mtutu na makamanda. Mkipata bahati ya kuwa na kitu cha namna hiyo Tanga, kwenye kibao wekeni mstari wa waliovuta. Majina yao hayakuandikwa. Andikeni hivyo: majina yao hayakuandikwa.

Na hao wanaojua kuvuta bado wapo. Mjini hapa nawajua wazee sita, wastaafu wa bandari na wa reli, ambao ukiwaonyesha jiwe la tani mbili watakuuliza maswali kumi kabla ya kuligusa. Wanacheza bao kila alasiri. Wawili macho yamepungua, akili bado. Msiwaite wabebe, waiteni wakae kwenye kiti kivulini na wapewe neno la kusema simama. Mhandisi wenu awe na hesabu, mtaalamu wa malikale awe na historia ya kitu chenyewe, na mmoja wa wazee hawa, au mtu wa makamo waliyemfundisha, awe na filimbi. Filimbi ikilia, hakuna anayeuliza kwa nini mpaka mzigo uwe chini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 tayari inawataka waajiri wawalinde watu wao, sijaomba sheria mpya. Naomba filimbi iandikwe kwenye mkataba, iwekewe posho, na mkandarasi asikatwe hata senti kwa saa alizosimamishwa. Bila hicho kipengele cha mwisho, mengine yote ataahidi asubuhi na kusahau saa nne.

Mwisho nina deni. Ule mzinga bado upo. Kila masika saruji ya sikio inapasuka, maji yanatoka pale ya rangi ya chai ya rangi, na kila kiangazi wanapaka rangi tena. Kipande nilichoandikia tarehe sikukirudisha chini siku ile. Niliogopa kitafagiliwa na mchanga. Nimekihifadhi ndani ya kopo la maziwa, kwenye maji ya magadi ninayoyabadilisha mwenyewe, mke wangu amechoka kuuliza ni dawa ya nini. Najua mali ya kale haiwekwi majumbani na nipo tayari kukikabidhi, kwa maandishi, kwa afisa yeyote mtakayemtuma Makorora. Kina gramu 340. Nilikipimisha kwenye mizani ya muuza sukari.

Wenu,
Msimamizi wa gengi mstaafu,
Makorora, Tanga